Binti Wawili wa Mkamuaji Mafuta

Pythioni alikamua mafuta ya zeituni hapa kwetu Karisto, mji wa bandari, akajaliwa binti wawili. Mkubwa, Hegeso, alimwoza kwa mfugaji wa mbuzi wa nyuma ya mlima. Mdogo, Nikarete, alimwoza kwa nahodha wa kisiwa cha Andro, aliyekuwa akija kuchukua mafuta yetu na kutuletea ngano. Ardhi yetu ni mawe matupu. Hata shayiri huota kwa kubembelezwa.

Watu walimsema kwa kumtupa mtoto ng'ambo. Hegeso alilisema wazi siku ya harusi yenyewe, akimsuka mdogo wake nywele.

"Mimi angalau niko nchi kavu. Wewe mwenzangu umeolewa na samaki."

"Nikikukumbuka nitapanda mashua, dada," Nikarete akamjibu. "Wewe utapanda nini?"

Wakacheka wote wawili.

Ikawa hivyo hivyo. Kila kiangazi Nikarete alikuja mara mbili au tatu, amekaa juu ya mitungi, safari ya asubuhi moja upepo ukiwa mzuri. Hegeso tulimwona kwenye sikukuu tu, mara moja kwa mwaka. Njia yake ilikuwa siku mbili za punda kwenye magenge ya mlima, na theluji ikianguka hapiti mtu.

Mama yao aliugua katikati ya baridi, mashua zote zimevutwa pwani. Bahati, zikaingia zile siku chache za shwari ambamo ndege mdiria hutaga mayai. Pythioni akatuma habari pande zote mbili. Mchungaji aliyetumwa mlimani alirudi kabla ya adhuhuri, akasema theluji inamfika kiunoni. Mvuvi aliyetumwa Andro alirudi kesho yake na Nikarete, amebeba asali na blanketi.

Alimuuguza mama yake siku tano. Mama alimuulizia Hegeso kila alipozinduka, na Nikarete akamwambia yuko njiani, akijua anadanganya. Siku ya sita tulimzika.

Hegeso alifika siku ishirini baadaye, miguu imefungwa ngozi za mbuzi. Hakulia. Nikarete alikuwa bado kwetu, bahari imechafuka tena, na Hegeso akamuuliza:

"Ulimwosha wewe?"

"Mimi na shangazi."

"Aliniulizia?"

"Kila siku."

Hegeso akakaa chini, akamgeukia baba yake. "Baba, ulisema unanioza karibu."

Siku ya posa Pythioni alikuwa ameangalia mbuzi wa mkwewe, na mbuzi walikuwa wengi.

Majira ya kuchipua Hegeso alimwomba mumewe wahamie upande wa pwani. Mume akakataa, malisho yale yalikuwa ya babu zake. Hegeso hakubishana. Aliwashusha binti zake wawili kwa babu yao wajifunze kazi ya kukamua, na kila nahodha aliyeingia bandarini, mzee alimuuliza kama ana mtoto wa kiume. Yule binti mkubwa sasa ameolewa Andro, nyumba ya tatu kutoka kwa mama yake mdogo.