Ini la Mama, Neno la Wafu

Harufu ya dizeli na ngozi mbichi za mbuzi, hiyo kwangu ndiyo harufu ya kifo. Mama alikata roho nyuma ya lori la Abdi, mfanyabiashara Msomali aliyetuhurumia, tukiwa tumeshayaona mabati ya Lodwar yakimeremeta. Nilikuwa nimempakata kichwa. Ubavu wake wa kulia ulikuwa umefura kama kibuyu. Lori lilipopiga shimo akaguna mara moja, basi.

Lakini hatukupaswa kuwa kwenye lori. Tulipaswa kuwa kwenye gari la Rupert.

Huyu Rupert alikuja kwetu, nje kidogo ya Kakuma, kiangazi kile nilipokuwa msichana mdogo, akiongozana na mkalimani wake Lomuria, binamu ya mama. Alikuwa Mzungu, na kazi yake ilikuwa kutafuta asili ya maneno. Alituchorea mchangani: Mrumi wa kale aliita ini yekur, Mhindi wa kale yakrit, Mwajemi mpaka leo jigar. Ukiyaunga pamoja kama vigae vya chungu kilichovunjika, unapata neno la babu yao mmoja, watu waliokufa kabla ya maandishi, neno ambalo hakuna sikio lililo hai limewahi kulisikia. Sasa alitaka kujaribu njia hiyohiyo kwetu, Waturkana, na kwa Wakaramoja na Watoposa, ambao lugha zao ni ndugu na yetu. Mama alicheka mpaka akajishika ubavu.

"Ini la watu wenu limepotea mpaka mnalitafuta huku? Chukueni langu, limezidi!"

Lomuria hakucheka. "Dada, mpe maneno yake. Mkimaliza atakupeleka hospitali Lodwar. Amekubali."

Basi mama akakaa chini ya jua akitaja kichwa, goti, nyongo, na kila jioni akiuliza, "Lini?" Kila jioni aliambiwa kesho. Kisha Rupert akataka kuhakikisha kwamba neno letu emany ni ini hasa, si kingine, tukamchinjia mbuzi wetu. Ini lilipotolewa lilikuwa limejaa mifuko myeupe ya maji, mikubwa kama mayai. Mama akaligusa kwa kidole, halafu akajigusa ubavu.

"Hii ndiyo niko nayo."

Rupert alielewa. Nilimwona akiutazama ubavu ule, uso ukimbadilika. Halafu akasogeza kinasa sauti karibu.

"Anasema rudia," Lomuria akasema. "Polepole."

"Emany," mama akasema. Lomuria akawatupia mbwa lile ini.

Asubuhi gari halikuwepo. Walikuwa wamesikia kuna bibi kule Lokitaung analitamka neno lile vingine. Kiswahili kinasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi mgeni alikuja, akashiba, akaenda.

Leo lami imefika. Mtu anaondoka Kakuma asubuhi na jua halijakolea yuko Lodwar, na uvimbe ule watu wanapasuliwa na kupona. Juzi binti mmoja wa chuo alinifuata sokoni na simu yake, akanisikilizisha sauti za zamani alizonasa Rupert. Nikamsikia mama. "Emany." Halafu, kabla sauti haijakatika, akauliza lini. Binti akaniambia hicho kipande cha mwisho hakikuandikwa popote, kwa sababu hakikuhitajika.

Rupert, sijui uliko. Lomuria, wewe nakujua: una duka Kakuma, na Jumapili unakaa kiti cha mbele kanisani. Neno la wafu mlilihangaikia mpaka mkalipata. Mama alikuwa hai, amekaa mbele yenu, akawauliza neno moja tu. Mjibuni.