Nzi Wangu Msibani kwa Mama Shaibu

Aibu niliyoipata kijijini Chilangala, huko Newala, sijamsimulia mtu yeyote wa kwetu Mbeya, na nyinyi nawaambia kwa vile tumeshazoeana, kwa hiyo msinicheke, au chekeni tu, mwisho mtanyamaza wenyewe.

Mimi nasomea nzi. (Ndiyo, nzi, wale wadogo wanaozingirazingira ndizi zilizoiva sana.) Nakusanya aina mbalimbali, nawazalisha, natafuta nani ndugu wa nani na ukoo upi ulijitenga kwanza, na msimu ule wa korosho nilitega mitego kwenye mikorosho ya Baba Shaibu, mzee mpole, na mkewe akawa ananiwekea uji kila asubuhi kama mwanawe wa kumzaa. Chini ya mikorosho ile kulikuwa na aina moja ambayo sikuipata pengine popote, si Newala mjini, si Masasi.

Siku hiyo natoka shambani na chupa yangu ya nzi hai, nakutana na habari kwamba Baba Shaibu ameanguka ghafla, amefariki. Nikakimbilia nyumbani kwake. Mlangoni nikasita: niiache chupa juani nzi wafe, au niingie nayo? Nikaificha ndani ya kanga, nikaingia.

Kina mama wamejaa mikekani. Mama Shaibu aliponiona akanyoosha mikono, nikapiga magoti, akanikumbatia kwa nguvu, na katikati yetu chupa ikabanwa, kitambaa cha mdomoni kikachomoka, maji ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, yaliyochacha (ndicho chakula chao) yakammwagikia kifuani, harufu kama ya uraka, pombe ya mabibo, ikatanda chumba kizima, na nzi wakaruka.

Bibi mmoja akauliza, "Mwanangu, umekuja na pombe msibani?"

Na mimi, badala ya kunyamaza, nikajibu, "Si pombe, bibi, ni chakula cha nzi."

Kilio kikakatika. Nzi wakatua kwenye mashavu ya Mama Shaibu yaliyolowa machozi, wengine wakapita pazia kuingia chumba alicholazwa marehemu, nami nikainuka kuwafukuza kwa kanga, kichwa wazi, napunga huku na huku kama mwendawazimu, mpaka nikasikia sauti ya Mama Shaibu, ndogo kabisa:

"Mtoeni na nzi wake. Mume wangu hajaoza."

Wakanitoa. Nilikaa nyuma ya jiko nikilia mpaka jeneza likapita.

Baada ya arobaini nikarudi kuomba radhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Alikuwa ameitungua mitego yangu yote, ameiosha, ameipanga barazani.

"Sina kinyongo na wewe," akasema. "Ila shambani kwangu usitege tena. Nikiwaona wale nzi, naiona siku ile."

Sikubisha. Ile aina sijaipata tena, na kwenye mchoro wangu wa ukoo tawi lake liko tupu; wakubwa wangu wakiuliza sababu, nasema mvua iliharibu mitego. Siku hizi nikisikia msiba kazi naiacha hukohuko nilipo, ikifa na ife, naingia mikono mitupu. Wale nzi ningewaacha juani wangekufa, basi, na yule mama angemlilia mumewe kwa amani.