Harufu ya Mashine na Mkwe Aliyesimama Nje

Mashine ile ya kufulia tuliachiwa na bosi wa mume wangu, Mzungu mmoja aliyeondoka mji wetu wa Likasi mbio wakati watu walipokuwa wanapora maduka. Majirani walipoiona inaingia kwetu walicheka. "Mutaipika na majani ya sombe?" Nikawaacha wacheke. Baadaye mishahara ya kiwandani ilikatika, mume wangu akawa anakwenda kazini na kurudi mikono mitupu, na mimi nikaanza kufua mashuka ya materniti, zahanati ya kujifungulia ya mtaa wetu. Walinilipa unga, chumvi, mara nyingine chupa ya mafuta. Bila mashuka yale, hakuna bukari, ugali wetu, nyumbani kwangu. Asiyekuwepo siku zile alielewe hilo kwanza.

Shida ilikuwa maji. Bomba lilitoa maji siku lilipotaka lenyewe. Kwa hiyo yale ya kusuuzia sikuyamwaga. Nilizima mashine kabla haijayatoa, nikachomoa mashuka taratibu, nikafunga mlango wake wa kioo, nikayaweka humo yangoje zamu nyingine ya kufua. Kila mwanamke alitunza maji kwenye chochote chenye tumbo, sufuria, pipa, beseni la kuogeshea mtoto. Mimi nilikuwa na tumbo kubwa kuliko yote, tena lina mlango. Nilijiona mwerevu.

Mashuka yakaanza kunuka. Haikuwa harufu ya jasho wala ya damu, hizo nazijua. Ilikuwa kama ya muhogo uliosahauliwa majini. Nikazidisha sabuni, sasa yakanuka muhogo na sabuni. Mama aliyeongoza materniti akaniita pembeni.

"Mama, mutoto akizaliwa hapa, kitu ya kwanza anavuta puani ni shuka yako. Hii, hapana. Ukileta tena yenye kunuka, kazi nitamupa mwingine."

Alikuwa na haki.

Jirani yangu, mwanamke wa maombi, alisema Mzungu aliacha kitu chake ndani ya mashine, akataka kuja kukifukuza. Nikamwambia aombe anavyotaka, ila asimame mbali na mashuka. Aliomba vizuri sana. Harufu haikumsikia.

Mtu aliyejua mashine alikuwa mmoja tu, mume wa binti yangu, fundi wa umeme. Lakini kwetu mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja. Hawatazamani usoni, hawapeani mkono, na nguo za mama mkwe mwanamume yule hazigusi wala hazioni. Tukikutana njiani yeye alivuka upande wa pili, na mimi niliinamisha kichwa. Hiyo ni heshima, hatukuwa na ugomvi. Sasa nimwite aje aingize kichwa mahali panapopita nguo zangu za ndani? Nilikataa.

"Mama," binti yangu akasema, "heshima tutaikula na nini?"

Nikakubali, kwa masharti. Mumewe asimame nje, chini ya dirisha, mgongo ukutani. Binti asimame katikati apeleke maneno.

"Umwambie mama afungule mulango, aseme kunanuka nini," mkwe akasema kule nje.

"Mama, anasema ufungule mulango..."

"Nimesikia. Mwambie kunanuka bwawa."

"Papa," akamwambia mumewe, "anasema bwawa."

"Nimesikia."

"Sasa miye niko hapa ya nini?" binti akauliza.

"Ya heshima!" tukajibu pamoja, mkwe nje, mimi ndani.

Akaniagiza nivute ule mpira wa mlangoni, nitazame ndani ya mkunjo. Nilitazama. Kulikuwa na ukungu mweusi kama masizi ya sufuria, nywele, kifungo cha nguo, na ute. Nikasema basi lazima ni yale maji ninayoyatunza humo.

"Maji gani?" sauti ikauliza.

Binti akamweleza. Kule nje nikasikia mtu anakohoa, anakohoa sana.

"Mwambie akimaliza kukohoa atuambie la kufanya."

Akasema chini ya mashine kuna kamlango kadogo, na nyuma yake kichujio. Miaka yote ile sikujua kama kapo. Nilikapata, lakini kichujio kiligoma kuzunguka mkononi mwangu. Ikabidi aingie. Nikaanua kwanza kila nguo yangu kambani, nikaifungia chumbani. Yeye alipoingia kwa mlango wa mbele, mimi nilitoka kwa wa jikoni, nikakaa uani kando ya mbabula, jiko letu la makaa, mgongo kwa nyumba, nikichemsha maji.

Nilisikia binti anapiga kelele. Kichujio kilitoka na soksi, pini za nepi, na uchafu mweusi unaovutika kama bamia. Harufu ilinifikia mpaka pale nilipokaa.

Walisugua mpira kwa maji ya javeli, ile dawa kali ya kuondoa madoa, wakasuuza. Mimi nikamwita binti achukue ndimu kikapuni, zikamalizie harufu. Mkwe akapaza sauti:

"Umwambie mama, javeli na ndimu hapana pamoja! Ule moshi utamuua!"

"Mwambie mama mkwe wake hafi leo, iko na mashuka ya kufua," nikajibu kutoka uani.

Basi ndimu zikabaki. Kisanduku cha sabuni walikichomoa, nikakisugua mwenyewe uani kwa mswaki mkuukuu na bikarboneti yangu, magadi ya kupikia bamia za dongodongo. Mwisho wakaiendesha mashine tupu, kwa maji ya moto kabisa. Hapo niliogopa kweli. Umeme ukikatika katikati, yale machafu yatalala tena tumboni. Nilisikiliza ngurumo yake mpaka ikatoa maji yote, ikanyamaza yenyewe.

Mkwe akaniachia amri kwa mdomo wa binti: mpira ufutwe kila mara, mlango ubaki wazi, maji yatunzwe kwenye pipa. Kutunza maji sikujutii hata leo. Nilikosea chombo.

Kesho yake nilifua, nikaanika juani, nikapeleka materniti. Yule mama alifungua shuka la juu. Akanusa pembe. Akanusa katikati. Akaligeuza, akanusa tena, na mimi nimesimama mbele yake kama mwizi. Kisha akageukia ndani akaita:

"Leteni yale machafu! Mama wa mashuka amefika."

Walinitwisha furushi kubwa kuliko siku zote. Shingo iliuma mpaka nyumbani, na njia nzima sikulitua.