Yule wa Baiskeli Aliyerudi

Stima zikipotea hapa Bongwe, mjukuu wangu Mwanahalima huwasha jenereta, na ile harufu ya petroli ikinifika puani siioni tena nyumba hii. Nauona uwanja wa Msambweni, shuka jeupe limefungwa baina ya miti miwili, na bibi yangu kasimama katikati ya watu walioketi, hataki kukaa.

Juzi huyu Mwanahalima alikuwa akitazama kichekesho. Nikamwuliza mbona yule mwanamume ana mke ambaye hatukuonyeshwa akimwoa. "Bibi, hii ni ya pili. Ungeiona ya kwanza ungeelewa." Hebu sikieni maneno hayo! Mimi niliona ya kwanza na ya pili, miaka ile ya Uhuru, na sikuelewa kitu mpaka kichwa kilipojaa mvi.

Gari la sinema lilikuja na jenereta yake inayonuka petroli. Kwanza tulionyeshwa namna ya kuchimba choo, kisha bendera mpya ikipanda, kisha ndipo kichekesho. Kijana wa bara mwenye gari alishika kipaza sauti akatufasiria, maana walisema Kizungu na Kizungu hatukukijua. Palikuwa na mpishi mwembamba, miguu kama miiko, na baiskeli isiyo breki. Alipita karamuni akaondoka na kitambaa cha meza shingoni. Akapita bandani, kuku wakamkalia mabegani. Mwisho daraja likakatika, akazama mtoni yeye na baiskeli yake, ikabaki kofia inaelea.

Watu walicheka wakashika mbavu. Bibi akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Kisha akanigeukia kwa ukali. "Wanacheka nini hawa? Mtu amekufa."

Sasa, kila Alhamisi jioni bibi alimwita mwalimu wa chuo cha Kurani aje barazani awasomee Yasini marehemu wake. Bibi humtajia majina, mwalimu huombea. Jina la mwisho siku zote lilikuwa la mjomba Hamisi, mwanawe wa pekee wa kiume, aliyefanya kazi melini. Mwenzake mmoja wa melini, mtu wa Bodo, ndiye aliyeleta habari kwamba Hamisi alianguka majini huko mbali, akaleta na sanduku lake la bati lenye nguo. Kaburi hatukuliona. Matanga tulikaa mbele ya sanduku.

Alhamisi ile, baada ya jina la Hamisi, bibi akaongeza, "Na yule wa baiskeli."

Mwalimu akainua macho. "Ni nani huyo, mama?"

"Soma, mwalimu. Hana mtu."

Akasoma. Mimi niliuma leso nisicheke, maana kofi la bibi lilikuwa halikawii.

Mvua zikaja zikapita, gari likarudi. Taa ikawaka kwenye shuka na, enyi wenzangu, nani anayetokea? Yule yule! Kofia ile ile, baiskeli ile ile, kuku wamemkalia. Uwanja mzima ukapiga vigelegele. Bibi akasimama.

"Huyu si alikufa?"

"Kaa, bibi! Tumekuja kutazama sinema, si kisogo chako!"

"Nimemsomea Yasini huyu!"

Lo, walivyocheka! Mmoja akapaza sauti, "Basi dua yako kali, bibi, njoo umwombee na ng'ombe wangu!" Nikamvuta leso, hakuvutika. Natamani ardhi ipasuke inimeze, naye kasimama kama nguzo, anangoja aelezwe. Hakuna aliyeeleza. Mpishi alikuwa akipika tu, kama mtu aliyetoka kuoga.

Sinema ilipokwisha, bibi akanikokota mpaka penye gari. Yule kijana alikuwa akikunja shuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Alitokaje mtoni?"

"Hii ni nyingine, mama. Ile ilikuwa ya kwanza."

"Najua ilikuwa ya kwanza, nilikuwapo. Nakuuliza alitokaje. Nani alimwona akitoka?"

"Hawakuonyesha."

"Ilibaki kofia peke yake."

"Bibi, twende!" nikasema. Nilikuwa nimechoka naye, nasema kweli.

Kijana akajikuna kichwa. Hakuwa na ubaya. "Mama, watu walimpenda sana yule. Wakalilia arudi. Basi akarudishwa."

Bibi akamtazama. "Kwa kupendwa tu?"

"Kwa kupendwa tu, mama."

Asubuhi bibi akalivuta lile sanduku la bati kutoka uvunguni, akazianika shati za mjomba juani, kisha akanituma makaa ya pasi. Nilinung'unika kuanzia jikoni mpaka ukumbini. Moshi wote ule, macho yananitoka machozi, kwa shati zisizo na mvaaji! Zikapigwa pasi, zikakunjwa, zikawekwa juu ya kitanda, si sandukuni.

Alhamisi ilipofika mwalimu akasoma, bibi akitaja majina. Akafika mwisho, akanyamaza. Mwalimu akamkumbusha, "Na Hamisi."

"Huyo mwache."

"Na yule wa baiskeli?"

"Huyo amekwisha kurudi."

Mwalimu akafunga msahafu taratibu. Mimi niliona ni ukaidi wa uzee. Jina la mjomba halikusomwa barazani pale mpaka bibi alipokufa mwenyewe, tukayasoma mawili pamoja.

Leo nikimwuliza juu ya mtu aliyekufa katika ile ya kwanza, Mwanahalima ananiambia nami, "Wamemrudisha tu, bibi, watu wanampenda," na macho yake hayatoki kwenye kioo. Wanasema hivyo kama kwamba ni neno jepesi. Nawaambieni, mkiwa mmekaa na watu, mzee akawauliza mfu amerudi vipi, msimjibu upesi. Mwulizeni kwanza amefiwa na nani.