Ndeshi na Farasi wa Paleti

Ndeshi hakuwa mwanamke wa kulilia mapenzi. Alianza maisha pale Grand Prairie, Texas, kwa kuokota paleti mbovu, zile fremu za mbao za kupangia mizigo ghalani, akazipigilia misumari na kuziuza upya. Sasa alikuwa na lori lake. Kwake, bei ya kwanza ilikuwa salamu tu.

Ndeshi alikutana na Selvam kazini humohumo. Alikuwa mtunza stoo, Mtamil wa kusini mwa India, na mara tatu alikataa kumpunguzia bei ya paleti. Mara ya nne Ndeshi alikwenda bila lori.

Posa ndiyo iliyokwama. Mama yake, huko Machame, alishasema hatoi baraka mpaka Baba Mkubwa Humphrey apokee mshenga kwa niaba ya ukoo. Na Baba Mkubwa, mwenyekiti wa Watanzania wa pale, alikataa mara mbili.

"Mambo yakiharibika, huyo tutamtafuta wapi?" alisema kwenye simu. "Ukoo wake anaujua nani?"

Mara ya tatu hakupokea simu.

Siku hiyo Selvam alikuwa akila wali wake ndani ya lori. "Katika mashairi yetu ya kale," akasema, "kila hali ya mapenzi ina ardhi yake. Mlimani wapenzi hukutana. Ufukoni mtu husononeka. Kwenye nyika kavu huachana, au hutoroka."

Ndeshi akaitazama lami ya Texas ikifuka kwa joto. "Nyika ndiyo hii, na mimi sitoroki. Nipe jingine."

Lilikuwapo. Mwanamume aliyenyimwa mchumba hujitengenezea farasi kwa mashina ya makuti ya mvumo, yenye meno kama msumeno. Humpanda hadharani, ameshika picha ya mpenzi wake, anachanika mapaja kijiji kizima kikiona, mpaka wazee washikwe na aibu.

"Watu humwonea huruma," Selvam akasema.

"Huruma ya nini? Huyo anajadili bei. Ndani hakusikilizwa, akatoka nje na mzigo wake."

"Lakini mwanamke hapandi, Ndeshi. Kanuni za mashairi zinakataza."

"Kanuni hizo waliziandika wanawake?"



Jumapili Watanzania walikusanyika bustanini kusherehekea Muungano. Mchana jua likiwaka, lori la Ndeshi likaingia polepole, shoga yake Everline, Mkenya, akiwa kwenye usukani. Nyuma alisimama farasi wa paleti mbili: miguu minne, shingo ya ubao, hakuna hata sehemu moja iliyopigwa randa. Ndeshi alikuwa juu yake, picha ya Selvam shingoni.

"Ndeshi! Farasi bei gani?" mtu mmoja akapiga kelele.

"Hauzwi! Nangoja Baba Mkubwa apokee posa!"

Simu zikainuliwa, zikaanza kurekodi. Baba Mkubwa akaja na koleo la nyama choma mkono mmoja, kipaza sauti mkono wa pili.

"Shuka, mwanangu. Unatuaibisha."

"Ndiyo kazi ya farasi huyu, Baba Mkubwa."

"Njoo tuongee pembeni."

"Pembeni tumeshaongea mara mbili."

Mzee akageuka, akaona watu wamefunga duara. "Haya. Mwezi ujao."

"Jumamosi."

"Jumamosi! Hata mshenga huyo mchumba wako hana!"

Everline akatoa kichwa dirishani. "Mshenga ni mimi, mzee. Saa kumi nitakuwa kwako."

"Mwanamke? Tena Mkenya?"

"Nime-drive lori na kichaa juu yake. Posa itanishinda?"

Ndeshi akacheka. Selvam alishamwambia: katika mashairi yale, wa kusimamia maneno ya msichana ni shoga yake.

Mama Mkubwa Clara akapaza sauti toka kwenye jiko la bustanini. "Mume wangu, nyama inaungua! Kubali!"

"Nimekubali," Baba Mkubwa akanong'ona.

"Kwenye kipaza sauti," Ndeshi akasema.

Mzee akamtazama, akaitazama nyama, akatazama zile simu. Akakiinua kipaza sauti. "Jumamosi, saa kumi, nyumbani kwangu, napokea posa ya Ndeshi. Sasa aondoe lori, limeziba choo!"

Ndeshi akashuka akichechemea, mapaja yamejaa vibanzi, hakusema pole wala samahani.

Jumatatu Selvam alimkuta uani aking'oa misumari ya farasi.

"Ningemweka ukumbusho," akalalamika.

"Mbao nzima hizi, zina mteja. Wewe ukumbusho wako unaanza Jumamosi. Shika huo mguu."