Kanga ya Mama Pembeni mwa Nyota

Paa la nyumba yetu Lamu lilinuka chokaa iliyolowa umande na sabuni ya nguo zilizoanikwa. Miaka ile ya hamsini, paa lilikuwa la wanawake. Ukiwa juu uliona nyua za majirani wote, kwa hiyo mwanamume aliyetaka kupanda, hata mwenye nyumba, alipiga hodi na kungoja tujisitiri. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na anga lote nililoruhusiwa lilikuwa pale.

Mjomba alinipa kwa siri kamera ya kijisanduku. Mama pekee ndiye aliyejua. Sikuwa na mwalimu. Usiku wa giza niliiegemeza ukutani kule paani, nikaiacha jicho wazi kuelekea nyota, nikakaa kando nikipima muda kwa tasbihi, nikiogopa hata kukohoa. Mama alipeleka filamu kwa Bwana Faraji, mpiga picha wa mjini. Tatu ziliharibika, na kila moja niliililia. Ya nne alimrudishia maneno tu: "Imeungua, Bi. Mwambie binti yako arudi jikoni."

Baada ya wiki, nikipita na mama ndani ya buibui, niliiona picha yangu kwenye dirisha la duka lake. Nyota zilikuwa zimechora mistari iliyosimama, kama nyuzi za mfumaji, juu ya mikoko ya kisiwa cha Manda. Chini aliandika jina lake. Nakiri kwamba kabla ya hasira niliona kosa langu: pembeni ilining'inia kanga ya mama yenye michoro ya korosho kubwa, imemulikwa na taa ya ngazini. Nilisahau kuianua. Kisha nikatabasamu.

Mchana ule, baba akila, nilisema kwa sauti ya kitoto, "Mama, kanga yako imetoka kwenye picha, dirishani kwa Bwana Faraji." Baba aliacha tonge sahanini.

Jioni alimleta Bwana Faraji mpaka dakani, kibaraza cha mlangoni kwetu, majirani wakitazama. Nilisikiliza nyuma ya mlango.

"Picha ile umeipiga wewe?" baba akauliza.

"Mimi, Bwana. Siku tatu sikulala."

"Siku tatu! Juu ya paa langu, mbele ya nguo za mke wangu?"

Bwana Faraji akaanza kuapa: "Wallahi si mimi. Ni ya binti yako."

"Ah! Asubuhi fundi ni wewe, jioni ni mtoto wa kike?" jirani mmoja akadakia, na watu wakacheka.

Baba akafungua mlango. "Ni kweli?"

Maneno niliyoyataka yalikuwa yamesemwa mbele ya mtaa mzima. Ningeitikia tu, picha ingekuwa yangu. Mama alinitazama.

"Mimi nipige nyota, baba? Kwa kitu gani?"

Mtaa ukaamini alipanda paani kwetu kwa siri, na kabla ya Ramadhani Bwana Faraji alifunga duka, akavuka bahari hadi Mokowe, bara, na mizigo yake, asirudi. Baba aliichukua ile picha, akaifungia sandukuni, nami nikairithi.

Siku hizi wageni, wake kwa waume, hunywa maji ya ukwaju juu ya paa lile lile, na hakuna apigaye hodi. Wajukuu hupiga nyota kwa simu wakiwa wamelala chali. Nimejaribu kujuta, lakini ninachojutia bado ni ile kanga iliyoniharibia picha. Wakiniuliza nani alipiga picha iliyo ukutani, huwajibu, "Bwana mmoja aliyepanda kwetu bila hodi." Aliitaka iwe yake. Basi na iwe yake.