Kukagua Gemu ya Mateke

Likizo ya Desemba 2012 mwanangu wa miaka tisa alikuja kwangu Kakuma, nilikokuwa nafundisha katika kambi ya wakimbizi, akitoka Lodwar alikoishi na mama yangu. Siku ya tatu tu alikuwa ameshakijua kibanda cha gemu. Akirudi anarusha mateke, anapiga mto, anapiga hewa. Mimi roho juu juu. Karibu na nyumba ya mama kule Lodwar walikuwa wamefungua kibanda kama hicho, na mama alikuwa anangoja neno langu: aruhusiwe au akatazwe?

Nikaenda kukagua, kalamu mkononi kama mwalimu mkuu. Nilitafuta damu na nguo za aibu, basi. Mwenye kibanda akabonyeza mahali na damu ikapotea kwenye skrini. "Sasa iko safi, mwalimu," akasema. Nami, kwa akili zangu timamu, nikamshukuru. Lakini sikutulia. Nikikaa nainuka, nikiinuka sijui nilikuwa naenda wapi.

Rafiki yangu, mama wa Sudan Kusini aliyeuza chai sokoni, akachoka kuniona nikizunguka, akafuatana nami hadi kibandani. Kwao mieleka ni heshima. Vijana hujipaka majivu na kijiji kizima hutoka kutazama. Alitazama gemu kidogo tu, akamuuliza mwanangu, "Mtu akianguka, mnawacha hapo?"

"Hapana, anti. Akiwa chini ndio unammaliza. Hapo pointi ni mingi."

Rafiki yangu alituchukua hadi nyuma ya mahali pake pa chai, penye mchanga laini, akamwita binti yake wa umri uleule, akawaambia washikane. Mgongo ukigusa mchanga, imekwisha.

Mwanangu alitupwa chini mara moja. Karibu nicheke, maana majigambo yake ya wiki nzima yalikuwa yamenichosha. Kisha nikaona amejikunja, amefunika kichwa kwa mikono miwili, macho amefumba, anangoja mateke. Yule binti alikuwa ameinama, amemnyooshea mkono amwinue. Niliumia, nikaona aibu pia. Jibu la kumpelekea mama kule Lodwar nilikuwa nalo sasa: asikanyage kibandani.

"Imekwisha, baba, inuka," nikamwambia.

Alifungua jicho moja, akautazama ule mkono, na mikono yake hakuitoa kichwani.